Helmeti Inayokaa Kichwani: Majibu kwa Wasomaji Wanaopanda Pikipiki

Katika toleo lililopita niliandika, nikimjibu msomaji mmoja wa Embakasi, kwamba helmeti inayomuumiza mvaaji si helmeti salama hata ikiwa imegharimu mshahara wa mwezi mzima. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi. Wapo wanaotaka nieleze nilichomaanisha, na wapo wanaonikanya kwamba nimewapa vijana kisingizio cha kuvaa vibakuli vya plastiki. Nimechagua barua tano, nikazijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimenunua pikipiki ili niepuke msongamano wa Thika Road, kwa kuwa naishi Kahawa Sukari na ofisi yetu iko Upper Hill. Katika duka moja la Kirinyaga Road nilionyeshwa helmeti za aina tatu: inayofunika uso wote, ya uso wazi, na ile ambayo sehemu ya kidevu hufunuliwa juu kama boneti ya gari. Navaa miwani, natokwa na jasho upesi, na ile ya uso wote ilinifanya nijihisi kama niliyetumbukizwa kichwa ndani ya chungu. Muuzaji aliniambia kwamba kwa mwendo wa mjini ile ya uso wazi yatosha. Je, ni kweli?
Mfanyakazi wa ofisini, Kahawa Sukari

JIBU: Muuzaji alikuambia nusu ya kweli, ndugu yangu, na meno yako yamo katika ile nusu aliyoiacha.

Tuanze na hilo la mwendo wa mjini. Ndani ya helmeti, chini ya kitambaa na sponji laini, mna tabaka la sponji ngumu, ya jamaa moja na ile nyeupe inayofungiwa televisheni mpya ndani ya katoni. Kazi yake ni kubondeka. Kichwa kinapopiga lami, sponji hiyo husagika na kukiongezea kichwa muda kidogo wa kusimama, muda usiofikia hata kupepesa jicho, lakini ndio unaouzuia ubongo kugongana na fuvu kwa nguvu zote. Katika kipimo cha Umoja wa Mataifa kiitwacho ECE 22.05, ambacho sasa kimefuatwa na toleo la 22.06, helmeti ilivalishwa kichwa cha bandia na kugongeshwa kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa. Watu wakisikia hivyo husema kwamba ni mwendo wa baiskeli. Hata hivyo, kinachopimwa ni kasi ya kichwa kuelekea chini, wala si kasi ya pikipiki, na mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka kimo kinachokaribia mita 3. Anayeteleza akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa na anayeteleza akiwa kwenye 30 wote huanguka kutoka kiti kile kile, na kimo cha kiti hakipungui kwa sababu umetoka barabara kuu ukaingia mtaani. Kasi kubwa huongeza hatari nyingine, hasa ya kuburuzwa na kugonga vitu vilivyosimama, lakini haimpi mtu wa mjini ruhusa ya kupunguza kinga.

Jambo la pili ni mahali kichwa kinapopigwa. Mtafiti Dietmar Otte wa Hannover, Ujerumani, alipochunguza alama za mapigo kwenye helmeti za ajali halisi, takriban thuluthi moja zilikuwa mbele, kwenye kidevu na taya, ilhali utosini kabisa palikuwa pameguswa mara chache mno. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Asubuhi moja ya mvua za Aprili niliteleza kwenye mzunguko wa barabara, mahali ambapo lori lilikuwa limemwaga dizeli, nami sikuwa na kasi hata ya kumfukuza kuku. Kinga ya kidevu ya helmeti yangu ilikwanguka hadi rangi yote ikaisha upande mmoja. Nilisimama nikiwa na meno yangu yote, pamoja na lile bovu nililokuwa nimepanga kuling'oa. Helmeti ile sikuivaa tena, lakini ninayo kabatini, na kila anayeniuliza swali kama lako humwonyesha.

Kwa hiyo, kwa safari yako ya kila siku, ningechagua kati ya ile ya uso wote na ile ya kufunuka. Kwa mvaaji wa miwani, ile ya kufunuka ina faida kubwa, kwa sababu huhitaji kuivua miwani kila unapovaa helmeti, na ukifika mlangoni kwa askari wa geti unafunua uso bila kuivua yote. Ubaya wake ni kwamba huwa nzito kidogo, tena si kila helmeti ya kufunuka ina kidevu kinachokinga kweli. Tazama lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Ikiwa ina duara lenye herufi E na tarakimu ya nchi iliyoidhinisha (1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia), basi kwenye nambari iliyo karibu na duara hilo utakuta herufi nyingine. P maana yake kidevu kimepimwa na kinakinga. J maana yake ni ya uso wazi. P/J maana yake imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa imefunuliwa, hivyo unaweza kuendesha kwa namna zote mbili. Ukikuta NP, kidevu hicho ni pambo la kuzuia upepo na wadudu. Mnunuzi aliyezoea kutazama rangi na michoro hupita herufi hizo bila kuziona, na mara nyingi muuzaji naye hazijui.

Sasa tuje kwenye chungu. Ninashuku kwamba tatizo lako halikuwa aina ya helmeti bali kipimo na umbo. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kichwani juu kidogo ya nyusi na kupitia sehemu ya nyuma iliyotokeza zaidi. Kwa kampuni nyingi, sentimita 57 hadi 58 ni M, na 59 hadi 60 ni L, ingawa kila kampuni ina jedwali lake na ni vizuri kulitazama. Helmeti mpya inapaswa kukubana mashavu kiasi cha kukufanya uonekane kama mtoto aliyejaza maandazi mdomoni. Sponji za mashavuni hulegea kwa matumizi, kwa hiyo inayokaa vizuri kama kofia ya kawaida siku ya kwanza itakuwa ikicheza kichwani baada ya miezi michache. Maumivu ya paji la uso ni jambo jingine kabisa. Vichwa vya watu havifanani: kuna vilivyo virefu kutoka mbele kwenda nyuma na kuna vya mviringo, na mwenye kichwa kirefu akivaa helmeti iliyoundwa kwa kichwa cha mviringo atabanwa mbele na nyuma huku pembeni mkibaki nafasi. Maumivu hayo hayaishi kwa kuzoea, na kununua kubwa zaidi hakuyatibu. Dawa yake ni kujaribu kampuni nyingine.

Ukiipata inayoelekea kukufaa, mwombe muuzaji akuruhusu kukaa nayo kichwani dakika 15 au 20. Atanuna kidogo, lakini mwache anune. Ukiivua na kukuta alama nyekundu iliyokolea mahali pamoja kwenye paji, irudishe. Kabla ya hapo, ukiwa umefunga mkanda, itikise kushoto na kulia: ngozi ya uso ifuate helmeti, isiwe helmeti inazunguka peke yake. Kisha inamisha kichwa, mtu aishike kwa nyuma chini na kuisukuma kuelekea mbele. Ikitoka, si yako.

Kuhusu jasho, tafuta yenye matundu ya hewa yanayofungwa na kufunguliwa, na bitana inayotoka ili ifuliwe. Hali ya hewa ya Nairobi ni ya huruma ukiilinganisha na ya Mombasa. Kero yako kubwa itakuwa ukungu kwenye kioo cha helmeti asubuhi za Julai, na hasa kwenye miwani. Helmeti nyingine zina nafasi ya kupachika kioo cha pili ndani ya kile cha kwanza ili kuzuia ukungu. Zisizo nayo, fungua kioo upenyo wa kidole kimoja unaposimama kwenye taa.

SWALI: Mzee wetu, nimefurahi uliposema helmeti inayoumiza si salama, maana sasa nina ushahidi. Mimi ni mwendesha bodaboda, nakaa stejini kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu usiku. Ile ya kufunika uso naivaa nikiona askari. Nikiwa nayo simsikii abiria akinielekeza, wateja wanaogopa mtu asiyeonekana uso, na joto la saa saba mchana ni la kupikia ugali. Kwa kawaida naipachika kwenye mkono au kwenye kioo cha pembeni, na siku nyingine navaa ile ndogo ya juu tu. Si ndivyo ulivyosema?
Mwendesha bodaboda, Kawangware

JIBU: Sivyo, kijana wangu. Nilisema inayoumiza si salama kwa sababu mwisho wake ni hapo ulipopataja, kwenye mkono na kwenye kioo cha pembeni. Hoja yangu ni kwamba ubadilishe helmeti, si kwamba uiache. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2008, uliona kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Iliyo kwenye kiwiko haimo katika hesabu hiyo.

Watu wa kwanza kulazimishwa kuvaa helmeti kwa wingi walikuwa wenzako wa kazi. Mwaka 1935 daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, yule mwanajeshi mashuhuri wa Uingereza aliyepata ajali ya pikipiki bila kofia na kufa siku sita baadaye. Cairns alianza kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi waliokuwa wakipeleka barua na vifurushi, na mwaka 1941 jeshi la Uingereza likawaamuru wote wavae. Nao walikaa kitini kutwa, na sidhani kwamba walifurahia.

Nachukua malalamiko yako moja moja, kwa kuwa mawili kati ya hayo ni ya haki. Hilo la kusikia lina ukweli mdogo kuliko unavyodhani. Utafiti uliofanywa Marekani miaka ya 1990 uliona kwamba helmeti haimzuii mwendeshaji kusikia honi, kwa kuwa pamoja na kupunguza sauti hiyo hupunguza pia kelele ya upepo inayoimeza. Kinachokusumbua ni sauti ya abiria aliye nyuma, na kwa hilo mkubaliane njia kabla hamjaondoka, au asimame mahali kwenye nafasi akuonyeshe. Joto na uso kutoonekana ni malalamiko ya kweli, na kwa mtu anayesimama mara 40 kwa siku kuzungumza na wateja siwezi kumwambia avae ile ya uso wote kama anayesafiri kwenda Nakuru. Ningekushauri ile ya kufunuka yenye alama ya P/J: ukiwa stejini imefunuka, ukishika barabara kubwa unaifunga. Ikishindikana kwa bei, basi ya uso wazi inayofunika masikio na kisogo, yenye kioo kirefu kinachofika kidevuni. Kioo hicho hakizuii pigo, lakini vumbi na changarawe zinazorushwa na matatu ya mbele yako zitakoma.

Ile ndogo ya juu tu siikubali hata kidogo. Inaacha wazi masikio, panja na kisogo, na nyingi huwa hazina ile sponji ngumu ndani, isipokuwa vitambaa na mikanda kama kofia za mafundi wa ujenzi. Kofia ya ujenzi imeundwa kwa ajili ya nyundo inayoanguka kutoka juu. Barabara huja kutoka pembeni.

Na mkanda ufungwe. Helmeti isiyofungwa hutangulia kuondoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Pawe na nafasi ya vidole viwili kati ya mkanda na kidevu, si zaidi. Kwa kuwa wewe huvaa na kuvua mara nyingi, chagua yenye kifungo cha kubofya badala ya pete mbili za chuma. Zile pete ni imara sana, lakini mtu mwenye haraka hachelewi kuziacha zikining'inia.

SWALI: Kaka Mhariri, mimi ni abiria wa bodaboda kila siku kutoka South B hadi mjini. Helmeti ninayopewa ina harufu ya vichwa vya mji mzima, hainitoshi nikiwa nimesuka, na dada yangu anayevaa hijabu hushindwa kabisa. Je, kuna aina inayotufaa, au tuendelee kuishika mkononi kama mkoba?
Abiria, South B

JIBU: Msiishike, dada yangu. Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, katika kifungu cha 103B inamtaka abiria wa pikipiki avae helmeti na jaketi yenye vimulika, sawa na mwendeshaji. Ila naelewa kwa nini hampendi, kwa sababu helmeti ya bodaboda ni ya saizi moja kwa vichwa vyote, jambo ambalo kwa viatu lingetuchekesha.

Kwa mtu anayesafiri kila siku, ningesema nunua yako. Ya uso wazi inayofunika masikio ni nyepesi, inaingia kwenye begi kubwa, na inavalika bila kuvuruga uso. Ningependa uvae ya uso wote, lakini nikikuagiza hivyo najua itabaki nyumbani. Jipime ukiwa na nywele za namna unayokuwa nayo mara nyingi. Usuke ukijua kwamba fundo la nywele utosini huinua helmeti na kuiacha ikielea. Misuko ishuke chini, ifungwe kwenye shingo, nje ya ukingo wa helmeti. Kampuni kadhaa huuza sponji za mashavuni za unene tofauti, na hizo humfaa anayebadilisha misuko na nywele fupi kwa zamu, lakini haziwezi kuiokoa helmeti iliyo kubwa utosini.

Dada yako avae hijabu ya kitambaa chembamba kinachonyooka, isiyo na mikunjo kisogoni, na pini zote ziwe nje ya helmeti, chini ya kidevu au begani. Pini iliyo chini ya sponji huwa msumari siku ya ajali. Mkanda upite juu ya kitambaa na ukazwe baada ya kitambaa kutulia.

Mkiwa hamjanunua, kila mmoja awe na kitambaa chembamba cha pamba au kofia ya wavu kwenye mkoba, aivae kabla ya kupokea ile ya mwendeshaji. Harufu itapungua, na ngozi itakushukuru. Ikiwa helmeti hiyo haina mkanda, mpishe mwendeshaji huyo, uite mwingine.

SWALI: Nimeikuta sokoni Gikomba helmeti ya kampuni kubwa ya Ulaya, imepakwa rangi mpya nyeusi, ina stika ya DOT nyuma, na bei yake ni ndogo kuliko ile ya Kichina iliyo dukani. Ninunue?
Mwanafunzi, Juja

JIBU: Usinunue. Koti la mitumba ukilitazama unajua limepitia nini, lakini helmeti haisemi. Sponji ngumu ikishabondeka haifutuki tena, na inaweza kuwa imebondeka ndani huku ganda la nje likiwa zima. Rangi mpya ndiyo inayonitia shaka zaidi: anayepaka rangi mara nyingi anaficha mkwaruzo, na dawa za rangi, pamoja na petroli na tina ya kuyeyushia rangi, hulidhoofisha ganda la plastiki ngumu. Zaidi ya hayo, watengenezaji wengi hushauri helmeti ibadilishwe baada ya takriban miaka 5 ya matumizi, kwa kuwa jasho, mafuta ya nywele na jua huila polepole. Hiyo ya Gikomba huenda ilimaliza miaka yake kabla haijapanda meli.

Ile stika ya DOT ni alama ya Marekani, na hata huko mtengenezaji ndiye anayejithibitisha mwenyewe bila kusubiri kibali cha serikali kabla ya kuuza, kwa hiyo stika peke yake ambayo mtu yeyote anaweza kuichapisha River Road haikuhakikishii kitu. Hiyo ya Kichina usiidharau kwa sababu ya asili yake, kwa kuwa helmeti nyingi nzuri hutengenezwa huko. Ipime: bitana ikifunuliwa, sponji ngumu iwe na unene wa takriban sentimita 2.5, na ikibonyezwa kwa kidole gumba isiingie kama godoro. Helmeti inayofunika uso ikiwa nyepesi kama sufuria ya chai, chini ya nusu kilo, haina kitu ndani. Tafuta lebo ya E iliyoshonwa kwenye mkanda, na alama ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, ambayo kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje huwa ni stika yake maalumu na nambari inaweza kuthibitishwa kwa simu ukiwa bado dukani. Kati ya helmeti mpya ya bei ndogo yenye alama hizo na ya kifahari isiyojulikana ilikotoka, nachukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili.

SWALI: Kioo cheusi kinapendeza, lakini nikirudi usiku sioni mashimo. Nifanye nini?
Mpanda pikipiki, Rongai

JIBU: Nunua kioo cheupe cha helmeti hiyo hiyo, ukibebe kwenye begi ndani ya soksi, ukibadilishe kabla ya jua kutua. Hakikisha dukani kwamba vioo vya helmeti yako huuzwa pekee, kwa maana nyingine za bei ndogo hazina vipuri. Na kioo kikijaa mikwaruzo, taa za magari yanayokuja hutawanyika juu yake hata kikiwa cheupe, kwa hiyo usikifute vumbi kikiwa kikavu. Kilowanishe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, subiri dakika chache matope yalainike, ndipo uyapanguse.